Ndege wa Kivu: kutoka ufukwe wa Bukavu hadi msitu wa Tshivanga

Jumanne, 8 Oktoba 2024. Bukavu

Safari hii imepangwa kuishia Jumamosi ya tarehe 12, ambayo mwaka huu ni Siku ya Ndege Wahamaji Duniani. Siku hiyo huadhimishwa mara mbili kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba, kwa kuwa ndege wanaohama hupita mara mbili, wakienda na wakirudi. Kikundi chetu kidogo cha watazamaji wa ndege kitawahesabu ndege wa ufukweni pamoja na wanafunzi na wavuvi, nami niliomba kwamba kabla ya hesabu hiyo tupande kwanza Kabare, tupitie Lwiro, kisha tufike msitu wa Kahuzi-Biega. Hapa mjini tumezoea kusema kwamba kulinda ndege ni kazi ya mbuga na walinzi wake. Mimi, kwa yale niliyoyaona tangu ujana wangu, nasadiki kwamba maisha ya ndege hao yanaamuliwa zaidi nje ya mbuga, katika mabonde yanayolimwa, katika magunia ya makala ya kupikia, na sokoni. Ninataka kuipima imani hiyo kwa macho yangu.

Ninafuatana na kijana aliyemaliza masomo ya biolojia hapa Bukavu, ambaye masikio yake humtambua ndege kabla darubini yangu haijafika machoni. Yeye huniita Mama, kwa desturi ya kwetu, nami humwita mwanangu.

Tulishuka ufukweni upande wa Muhumba kabla ya jua kuchomoza. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Oktoba zina baridi, hasa mvua inapokuwa imenyesha usiku. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, taa zimekwisha kuzimwa, na nyuma yao walikuja mwewe wakitazamia samaki wa kudondoka. Sambaza si samaki wa asili wa ziwa hili, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini leo amekuwa chakula cha mji mzima na chakula cha ndege pia. Mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe alisimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga upesi na kichwa kikiwa kimetulia kabisa mahali pamoja, kisha akajitupa chini na kuibuka na samaki mdomoni. Alikwenda kumpigapiga juu ya nguzo ya gati kabla ya kummeza, kichwa cha samaki kikitangulia.

Karibu nasi, mnandi mmoja alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mtumbwi, mabawa ameyakunjua yote mawili kuelekea jua. Manyoya ya mnandi hulowa maji, na kulowa huko humsaidia kuzama kwa urahisi anapowafuata samaki, lakini humlazimu kujianika kila anapotoka. Ndiyo maana anahitaji mahali pa kusimama pasipo na usumbufu: jiwe, mti uliolala majini, kikundi cha matete. Mahali pa namna hiyo panapungua kila mwaka. Katika rasi za Bukavu nyumba zimeshuka hadi majini, matete yamekatwa, udongo umejazwa, kuta zimejengwa. Chupa na mifuko ya plastiki hubebwa na mkondo hadi mlango wa mto Ruzizi, ambako takataka hizo hizo huziba mitambo ya umeme. Watu hulalamika juu ya umeme, na wana haki, lakini ni wachache wanaoona kwamba bawa la ndege na taa ya nyumbani zinasumbuliwa na kitu kimoja.

Mchana tulipita kando ya soko moja la mjini. Nilijua tutakayoyakuta, na bado nilisikia uchungu. Katika tundu la mbao lenye upana wa mikono miwili walikuwamo kasuku watatu wa kijivu wenye mikia myekundu, manyoya ya mabawa yamekatwa kwa mkasi, na mmoja wao alikuwa amejinyofoa manyoya ya kifuani hadi ngozi ikaonekana. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema, «Mama, huyu ukimpa juma mbili tu atakuita kwa jina.» Nilimuuliza wametoka wapi, akasema walishuka na gari kutoka msitu wa chini, upande wa Maniema, na kwamba yeye anauza tu, hajui wanavyokamatwa.

Namna wanavyokamatwa inajulikana. Mtegaji hupaka ulimbo kwenye matawi ya mti wanakokutania kasuku, akamfunga kasuku mmoja hapo ili awaite wenzake. Wanaoshuka hunasa kwa miguu na mabawa, na kuchomolewa kwao huwatoa manyoya na ngozi. Wengi hufa njiani, kwa kiu, kwa majeraha, au kwa kusongamana. Kasuku huyu huishi miaka mingi, hutaga mayai machache katika shimo la mti mkubwa, na huchelewa kuanza kuzaa, kwa hiyo msitu ulioporwa kasuku wake haujazi pengo hilo upesi. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi zilizotia saini CITES, mkataba wa biashara ya viumbe wa porini, zilikubaliana kumweka kasuku wa kijivu katika orodha ya kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ikakatazwa, na katazo hilo likaanza kufanya kazi Januari 2017. Hata hivyo tundu lile lilikuwa barabarani, mchana kweupe.

Mwenzangu alitamani tuwanunue ili tuwapeleke Lwiro, kwenye kituo kinachopokea kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara. Nilikataa. Fedha ya mnunuzi mwenye huruma na fedha ya mnunuzi mwenye tamaa humfikia mtegaji yule yule, na mtegaji hahesabu nia, huhesabu noti. Tulitoa taarifa kwa wanaohusika, tukaondoka. Nimeandika hili kwa sababu wasomaji wengi wataulizwa na nafsi zao swali hilo hilo mbele ya tundu, na kutonunua ni kugumu kuliko kununua.

Jumatano, 9 Oktoba. Miti na Lwiro

Tuliondoka asubuhi na gari la abiria kupitia Mudaka hadi Miti. Kutoka Bukavu barabara hii inafuata ziwa kwa mbali, ikipita katikati ya migomba, maharagwe, mihogo na mikalitusi. Nchi ya Bashi ni nchi ya watu wengi na mashamba madogo, na mtu asitegemee kukuta pori kati ya kijiji na kijiji. Pori lililobaki liko chini, katika mabonde yenye maji, na huko ndiko tulikokwenda kwanza.

Bonde tulilolitembelea lilikuwa zamani limejaa mafunjo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Leo mafunjo yamebaki kama mshipi mwembamba kando ya kijito, na penginepo pote pamechimbwa matuta ya viazi vitamu na mboga, yenye mifereji ya kutolea maji katikati. Mzee mwenye shamba alitukaribisha, akatupa kiti, akaagiza tuletewe kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi, kabla ya kutuuliza lolote. Nilipomuuliza kuhusu korongo wenye taji, aliinua mikono kuonyesha kimo chao. Alisema alipokuwa mvulana walikuwa wakija wawili wawili, wakicheza ngoma yao ya kuruka na kuinamisha vichwa, na watoto walikatazwa kuwatupia mawe. «Sasa, Mama, vijana wangu hawajawahi kuwaona. Bonde limekauka, na sisi ndio tuliolikausha. Lakini ungetaka tule nini?»

Sikuwa na jibu la haraka kwa swali lile, na sidhani kwamba yuko mtu mwenye jibu la haraka. Korongo mwenye taji hutaga chini, ndani ya majani ya bwawa, na anahitaji maji yamzunguke ili mbwa na watoto wasimfikie. Bwawa likitolewa maji, kiota kinakuwa wazi, na mayai huishia kwenye chungu au vifaranga hubebwa kuuzwa wawe pambo la bustani za matajiri. Tangu mwaka 2012 amewekwa duniani kote miongoni mwa ndege walio hatarini. Majirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2014 kuwaandikisha korongo waliokuwa wamefungwa majumbani na mahotelini, bila kuwaadhibu wenye nyumba waliojitokeza, na ndege waliokuwa bado na uwezo wa kuishi wenyewe wakapelekwa mbuga ya Akagera. Naisifu sana njia ile. Haikuanza kwa pingu, ilianza kwa kumpa mtu mlango wa kutokea kwenye kosa lake, na hapa Kivu, ambako mamlaka huogopwa kuliko inavyoaminiwa, mlango wa namna hiyo ungefanya kazi kuliko tishio.

Mzee alipokuwa akitusindikiza, mwenzangu alinishika mkono. Katika mshipi ule wa mafunjo kulikuwa na viota vya kwera, zaidi ya kumi, vimening'inia juu ya maji. Dume mmoja wa manjano alikuwa anasuka bado: alishika ukingo wa jani kwa mdomo, akauchana kwa urefu huku akiruka, akaupitisha chini ya kitanzi na kuuvuta kutoka upande wa pili. Mzee alisema hajawahi kumtazama kwa muda mrefu hivyo. Alisimama nasi hadi mshono ule ulipokwisha, kisha akasema sehemu ile ya mafunjo hataigusa mwaka huu. Alisema mwaka huu tu, nami nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Alasiri tulifika Lwiro. Taasisi hii ya utafiti ilianzishwa mwaka 1947 chini ya Wabelgiji kwa jina la IRSAC, na leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Majengo yake ya mawe na matao yamepita katika vita na umaskini, na bado kuna watu wanaofungua milango yake kila asubuhi na kufuta vumbi. Miongoni mwa mikusanyo yake wamo ndege waliokaushwa. Nilishika mmoja kwa ruhusa: mwili mwepesi mno, pamba ikiwa mahali pa macho, na mguuni kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, chenye mahali na tarehe ya kukamatwa kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia. Kikaratasi kile kina thamani kuliko ngozi yenyewe. Ndege asiye na mahali wala tarehe ni pambo; mwenye navyo ni ushahidi kwamba siku fulani, katika mlima fulani, aina yake ilikuwapo.

Kwa kutumia ushahidi wa namna hiyo James Chapin wa Marekani alimtambulisha tausi wa Kongo mwaka 1936. Alikuwa ameupata unyoya mmoja wa ndege huyo mwaka 1913, kwenye kofia ya mtu huko kaskazini-mashariki mwa Kongo, na akabaki na unyoya huo bila kujua mwenyewe ni nani, hadi alipokuta katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ndege wawili waliokaushwa na kusahauliwa wakiwa na jina lisilo lao. Tausi huyo anaishi pia katika msitu wa chini wa Kahuzi-Biega.

Jioni mazungumzo yalihamia Itombwe, ule mgongo wa milima ulio kusini-magharibi yetu, ambako tusingeweza kwenda katika safari hii kwa hali ya usalama na ya barabara. Itombwe ina aina zaidi ya 500 za ndege. Alexandre Prigogine, mhandisi wa madini aliyeishi huko enzi za Wabelgiji, alikusanya ndege wengi wa milima hiyo, na kati yao bundi mmoja aliyepatikana mwaka 1951 ambaye hakushikwa tena hadi mwaka 1996, aliponaswa jike mmoja katika wavu wa watafiti. Kirukanjia mwenye jina la Prigogine, aliyepatikana mwaka 1955, anajulikana kwa ngozi moja tu.

Habari njema ni ya karibuni. Kati ya mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa mwaka huu, msafara wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso pamoja na watafiti wa CRSN ulitembea kwa miguu katika Itombwe na kumkuta ndege mweusi mwenye kofia ya manyoya ya manjano, Prionops alberti kwa jina la kisayansi, ambaye kwa karibu miaka 20 hakuwa ameonwa na mtaalamu yeyote. Walikutana na ndege 18 katika sehemu tatu, wakampiga picha. Dunia ilisema amepotea na sasa amepatikana. Watu wa vijiji vya Itombwe hawakuhama kamwe kutoka alipo, na hifadhi ya Itombwe, iliyotangazwa mwaka 2006, ilichorewa mipaka yake mwaka 2016 baada ya kushauriana na wenyeji hao. Kama ndege yule ataendelea kuwapo miaka 20 ijayo, itakuwa kwa sababu wao wameamua hivyo.

Alhamisi, 10 Oktoba. Lwiro

Mvua ilinyesha tangu usiku hadi saa nane mchana. Hatukutoka.

Ilipokatika tulitembelea kituo cha kuwatunza nyani na sokwe kilichoanzishwa hapa mwaka 2002 na ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia mbuga za Kongo, pamoja na CRSN. Watu wengi wanakijua kwa sokwe wake, ambao wamepita mia moja, lakini hupokea pia kasuku walionyang'anywa wafanyabiashara. Tulichojifunza kutoka kwa mtunzaji ni kwamba kumfungulia kasuku tundu si kumrudishia uhuru. Manyoya ya bawa yaliyokatwa hayakui tena yenyewe, ni lazima kikonyo kidondoke ndipo jipya liote, na jambo hilo huchukua miezi mingi. Kisha ndege lazima ajifunze upya kuruka mbali, kuogopa watu, na kukaa katika kundi. Nilikumbuka wale watatu wa juzi sokoni. Mkasi hukata kwa dakika moja.

Ijumaa, 11 Oktoba. Tshivanga

Tuliamka usiku. Kutoka Miti barabara huiacha ile ya ziwa na kupanda magharibi, ikipita mashamba ya chai na mikalitusi, hadi kituo cha Tshivanga, juu ya mita 2,000. Mbele yetu mlima Kahuzi, wenye mita 3,308, ulikuwa ndani ya wingu. Mpaka wa mbuga huonekana kwa macho bila kibao chochote: upande huu maharagwe, upande ule ukuta wa miti. Njiani tulikutana na wanawake waliobeba magunia ya makala kwa kamba za kichwani, wakishuka kuelekea Miti ambako magari ya Bukavu huwasubiri. Mji wetu una zaidi ya watu milioni moja na karibu jikoni zote zinapika kwa makala. Mimi pia. Kila tunaposema msitu unakatwa, ni vyema tuseme pia chungu kilichotelekwa ni cha nani.

Mbuga hii iliundwa mwaka 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kufikia kilomita za mraba 6,000 hivi, ikaandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, na tangu mwaka 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kila tarehe katika historia hiyo ina upande wake wa pili. Batwa waliokuwa wakiishi ndani ya msitu huu waliondolewa katika miaka ya 1970 bila ardhi nyingine, na Julai mwaka huu uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliwekwa hadharani, ukisema kwamba haki zao zilivunjwa. Nalitaja jambo hili katika simulizi ya ndege kwa sababu aliyetuonyesha ndege leo ni mzee wa Kitwa, mfuata nyayo, ambaye baba yake alizaliwa ndani ya msitu.

Mwenzangu alikuwa na kitabu chenye picha. Mzee hakukihitaji. Alisimama, akainua kidole, akasubiri, na sekunde chache baadaye tukasikia mkoromo mkavu ukishuka kutoka juu. Alikuwa shorobo wa Rwenzori, ndege wa kijani na buluu ambaye, akiwa ametulia, hufichwa kabisa na majani. Alikimbia juu ya tawi kwa miguu, upesi kuliko nilivyotazamia, kisha akaruka, na mabawa yakafunguka mekundu kama damu. Wekundu ule ni wa ajabu kwa wanasayansi pia, kwa sababu unatokana na rangi yenye shaba ndani yake, ambayo hupatikana kwa ndege wa ukoo huu. Shorobo huyu huishi katika milima ya Bonde la Ufa la Magharibi tu, kutoka Rwenzori hadi kwetu na Itombwe.

Saa tatu msitu ulichangamka. Katika maua ya pembezoni mwa njia walikuwako chozi wa kifalme, dume mwenye kichwa cha kijani kinachong'aa na kifua chekundu chenye manjano pembeni, akiingiza mdomo katika ua moja baada ya jingine na kufukuza kila aliyekaribia. Nilimtafuta sana binamu yake, chozi wa Rockefeller, ambaye makao yake ni milima ya magharibi ya ziwa hili na Itombwe na si kwingine duniani, lakini anapenda mianzi na vichaka vya juu zaidi, nasi hatukufika huko. Jina hilo linatoka kwa John Sterling Rockefeller, kijana wa Marekani aliyekuja hapa na mwenzake Charles Murphy katika miaka ya 1928 na 1929 wakimtafuta ndege mwingine, mdogo wa kijani mwenye koo la buluu nyepesi, ambaye Rudolf Grauer alikuwa amemkusanya miaka 20 kabla yao. Huyo wa kijani hata leo ni bahati kumwona.

Kitu kilichonikaa moyoni zaidi tulikisikia kabla ya kukiona. Ulikuwa mvumo mzito wa hewa juu ya majani, na mzee akasema ni hondohondo. Walipita wawili, weusi wenye mabaka meupe mabawani, na juu ya mdomo ile pembe kubwa. Mzee alituongoza hadi chini ya mti mkubwa wenye shimo juu, akatuonyesha mdomo wa shimo ulivyozibwa kwa udongo hadi ukabaki mwanya mwembamba. Ndani yuko jike. Hujifungia humo ili atage na kulea akiwa salama, na kwa wiki nyingi dume humletea matunda kupitia mwanya ule. Mzee alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo la kawaida: «Ukimpiga dume, umewaua wote.» Nimesoma maelezo marefu juu ya uwindaji, na hakuna lililonieleza hasara yake kwa wazi hivyo. Hondohondo pia anahitaji mti mkubwa wenye shimo, na mti mkubwa ndio wachoma makala wanaoutafuta kwanza.

Mchana tulisimama kando ya bwawa la matete lililo ndani ya sehemu ya juu ya mbuga. Hapo tulimsikia, na kumwona kwa muda mfupi sana, ndege wa kahawia asiye na pambo lolote, Bradypterus graueri, anayeishi tu katika mabwawa ya milimani ya Bonde la Ufa hili. Watalii hawaji kutoka mbali kwa ajili yake. Lakini mabwawa yake yaliyo nje ya mbuga yamelimwa kama bonde la yule mzee wa Miti, na huyu mdogo ambaye karibu hakuna amjuaye ndiye aliye katika shida kuliko wengi wenye rangi nzuri. Kama ningepewa fedha ya kulinda jambo moja tu kati ya hapa na ziwani, ningeiweka kwenye mabwawa.

Kabla ya kuagana nilimuuliza mzee kama wajukuu wake wanazijua sauti za ndege. Akasema wanazijua za pembeni, za ndani hawazijui, kwa maana hawaruhusiwi kuingia bila kazi. Watu waliokuwa na ujuzi mkubwa kuliko wote wanaupoteza mlangoni pa msitu wenyewe, wakati taasisi zinatafuta wahesabuji. Nadhani vijana wa Kitwa wangepaswa kuwa wa kwanza kuajiriwa kwa kazi ya kuhesabu ndege, walipwe kama wataalamu, na wazee wao walipwe kama walimu.

Jumamosi, 12 Oktoba. Bukavu

Tulirudi usiku na kushuka ufukweni saa kumi na mbili asubuhi. Walikuja wanafunzi wa shule mbili, wavuvi, akina mama wanaoanika sambaza, na majirani waliotaka kujua kinachotendeka. Darubini zilikuwa chache, kwa hiyo tuliwagawa watu katika vikundi, kila kikundi na kipande chake cha ufukwe, mhesabuji mmoja na mwandishi mmoja.

Kauli ya siku hii mwaka huu ni kuwalinda wadudu ili kuwalinda ndege, nayo ilieleweka bila hotuba, kwa sababu juu ya maji mbayuwayu kutoka Ulaya walikuwa wanakula wadudu mbele ya macho yetu, na juu zaidi kundi la keremkerem lilipita likielekea kusini. Msichana mmoja aliuliza ndege mdogo hivyo anawezaje kuvuka jangwa. Mwenzangu alimweleza kwamba kabla ya safari hula hadi mwili ubebe akiba ya mafuta, na kwamba mafuta hayo ni wadudu aliowala. Yule msichana akasema basi dawa inayopulizwa kwenye nyanya za baba yake inafika hadi Ulaya. Mwandishi wa kikundi aliiandika kauli hiyo pembeni mwa daftari.

Mazungumzo magumu yalikuja kwa wavuvi. Mmoja alisema wazi kwamba mnandi ni mshindani wake: hula sambaza, hunasa katika nyavu na kuzipasua, na anaponasa huliwa. Mama mmoja wa sambaza alimjibu kwamba mnandi amekuwapo kabla ya sambaza kuletwa, na kwamba samaki wanapungua kwa sababu ya nyavu zenye matundu madogo mno, si kwa sababu ya ndege. Walibishana kwa heshima na kwa muda mrefu, nami nilifurahi kwamba tuliwaacha wamalize. Mwishowe walikubaliana juu ya mambo machache: mnandi atakayekutwa hai wavuni afunguliwe, atakayekutwa amekufa aandikwe katika daftari litakalokaa kwa mkubwa wa wavuvi, na baada ya miezi mitatu watazame wamenasa wangapi na katika nyavu za aina gani.

Kuhusu matete, mwenye kiwanja kimoja alikubali kuacha kipande kilicho kati ya ukuta wake na maji bila kukikata. Ni kipande kifupi. Wanafunzi walikipima kwa kamba, wakachora ramani yake, na mdiria tuliyemwona Jumanne, au mwenzake, alikuwa amekaa juu ya bua mojawapo walipokuwa wakipima.

Hesabu ijayo itafanyika Januari, wakati ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za Afrika, ili takwimu zetu ziweze kulinganishwa na za wengine. Tunahitaji darubini zaidi, hata zilizotumika, daftari zisizolowa maji, na mtu wa kututafsiria majina ya ndege kwa Kimashi na Kihavu kutoka kwa wazee kabla ya orodha kuchapishwa. Wanafunzi wa shule ya kwanza wataanza kukutana nasi kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, pale pale ufukweni Muhumba.